Magugu ya uwanjani Dodoma: mwongozo kamili wa kuyatambua na kuyadhibiti

Kila Januari malalamiko ni yaleyale. Kijana kalipwa, kalima uwanja mzima, umebaki mwekundu na msafi, na kabla mwezi haujaisha majani yamerudi mengi kuliko mwanzo. Lawama hupelekwa kwa kijana, kwa jembe, au kwa dawa "feki" ya dukani.

Mara nyingi kosa liko kwenye kalenda. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Magugu yaliyozoea hali hiyo yana haraka: yanaota, yanachanua na kumwaga mbegu ndani ya wiki chache. Ukisubiri yawe kero ndipo uite mtu, mbegu zimeshaanguka na unalipa kuzifukia vizuri. Kazi nzito inafanyika kiangazi, wakati uwanja ni mkavu na hakuna anayefikiria magugu.

Mwongozo huu unafaa pia Singida na Shinyanga. Walioko Same, Kajiado au Makueni, ambako mvua ni mbili kwa mwaka, watarudia hatua za mvua mara mbili.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Jembe lililonolewa. Jembe butu linalaza majani, halikati.
- Sururu na chepe kwa ajili ya ndago, gugu lenye viazi vidogo chini ya ardhi. Uma wa kuchimbia ni bora zaidi ukiupata, maana unainua mizizi bila kuikatakata.
- Chekeche ya mafundi ujenzi, ile ya kuchekechea mchanga.
- Viroba visivyotoboka na turubai moja.
- Glavu nene na gambuti. Ndala hazifai, mwiba wa mbigili unapenya.
- Zulia au blanketi kuukuu.
- Nailoni angavu, kama utafanya hatua ya 4.
- Matandazo: maganda ya karanga, nyasi kavu zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu, na kokoto za karibu na nyumba.

Orodha hii haina chumvi, oili chafu wala dizeli, na hilo ni la makusudi. Chumvi kweli inaua majani, lakini kwa mvua hizi chache haioshwi. Inabaki hapo miaka, na mwembe wako unaanza kukauka ncha za majani. Oili chafu inaharibu udongo, na ndago inatokea pembeni mwa doa la oili ikiwa na afya njema.

## Hatua ya 1: Kagua uwanja Agosti au Septemba

Zunguka uwanja wakati kila kitu kimekauka, utafute kijani. Penye kijani mwezi wa nane pana maji: bomba linalovuja, mfereji wa bafu, karo, chini ya tangi. Hapo ndipo ndago na ukoka vinapokaa kiangazi chote vikisubiri mvua ili vitambae kwenda kwingine. Ziba uvujaji huo kwanza. Usipouziba, hatua ya 3 utairudia kila mwaka.

Kisha pita sehemu zilizo tupu ukiwa umevaa viatu vya zamani vyenye soli laini, halafu geuza soli. Idadi ya miiba iliyoganda itakuonyesha mbigili ilikuwa wapi msimu uliopita. Weka mawe au vijiti kuzunguka maeneo hayo.

Ukimaliza utagundua kuwa tatizo haliko uwanja mzima. Liko kwenye mabaka kadhaa, na nguvu zako zinatakiwa ziende huko.

## Hatua ya 2: Tambua gugu kabla hujaligusa

Kuna swali moja linaloamua kila kitu: gugu hili linaishi kwa mbegu, au lina akiba chini ya ardhi? La mbegu ukilikata shingo limekufa. Lenye akiba ukilikata shingo umelipogoa tu, litatoka tena. Watu wengi wanashindwa kwa sababu wanatumia jembe lilelile, kwa namna ileile, kwa yote mawili.

Ndago. Majani yake yanafanana na nyasi, yanang'aa, na kwa haraka mtu anasema ni nyasi. Shika shina ulizungushe kati ya vidole: utasikia kona tatu. Nyasi za kawaida zina shina la mviringo au bapa. Chini kuna viazi vidogo vyeusi, vyenye harufu kali ukivipasua, vimeunganishwa na nyuzi nyembamba ngumu. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, lakini vingine vinashuka hadi 30 na zaidi.

Jambo la kukumbuka kuhusu ndago ni hili. Viazi vikiwa vimeungana, vile vya mbele huchipua na vya nyuma hubaki vimelala. Ukivuta kwa mkono, uzi unakatika, na kila kiazi kilichobaki kinapata ruhusa ya kuchipua chenyewe. Ndiyo maana uliyeng'oa shina moja unapata matano. Trekta na jembe la msimu wa mvua vinafanya kosa hilohilo kwa ukubwa zaidi.

Ukoka. Unatambaa juu ya ardhi na chini yake, ukitia mizizi kila kwenye kifundo. Kichwa cha mbegu kina vidole vyembamba vitatu hadi sita vinavyoanzia sehemu moja. Wengine wanaupanda makusudi kama bustani ya nyasi, na sina ugomvi nao. Ugomvi ni pale unapoingia kwenye vitalu vya mboga. Unashughulikiwa pamoja na ndago.

Mbigili. Mzizi mmoja wa kushuka, matawi mengi yanayolala chini kuelekea pande zote, majani madogo yaliyopangana kwa jozi, ua la njano lenye petali tano. Tunda likikauka linapasuka vipande vitano, kila kimoja na miiba miwili mirefu migumu. Ndicho kinachotoboa tairi la baiskeli na mguu wa mtoto. Mbegu zake zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikiwa hai, kwa hiyo usijipe matumaini ya msimu mmoja. Pia usiwape kondoo na mbuzi: mbigili inaweza kuwaletea ugonjwa wa ini unaofanya ngozi ya uso ivimbe na kuungua juani.

Kongwe. Majani laini yenye maji, maua madogo ya buluu, vinyweleo vyekundu pale jani linapokumbatia shina. Huyu ni mjanja kuliko wote. Kipande cha shina kilichoachwa juu ya udongo wenye unyevu kinatia mizizi. Zaidi ya hapo, kongwe ina maua mengine ambayo huyaoni, yako chini ya ardhi na yanatoa mbegu hukohuko. Kufyeka kwa panga ni kuipanda upya. Sungura wanaipenda, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kuitumia.

Tako la hasani. Shina nene jekundu lililolala, majani manene madogo. Ukiling'oa na kuliacha hapohapo linaweza kuendelea kukomaza mbegu, au kutia mizizi tena. Lile changa ni mboga. Kula kwanza, lalamika baadaye.

Kishona nguo na mchicha wa miiba. Hawa wanajulikana. Kishona nguo kina mbegu nyeusi nyembamba zinazoganda kwenye suruali, na mche mmoja unatoa maelfu ya mbegu. Mchicha wa miiba una jozi ya miiba pale jani linapoungana na shina. Wote wanakufa kirahisi wakiwa wachanga.

Mawili yanahitaji tahadhari ya afya. Mnanaha, wenye maua makubwa meupe ya tarumbeta na tunda la miiba, una sumu kila sehemu, hasa mbegu. Kama kuna watoto nyumbani, ng'oa leo bila kusubiri msimu. Gugu karoti lina majani yanayofanana na ya karoti, shina lenye mistari na maua meupe madogo mengi. Limeenea Arusha na Kilimanjaro, na linasafiri na magari, mifugo na nyasi za malisho. Linasababisha muwasho wa ngozi na matatizo ya kupumua. Usilishike kwa mikono mitupu, funika pua na mdomo, ling'oe kabla halijachanua, na umtaarifu afisa ugani wa kata.

## Hatua ya 3: Chimba ndago na ukoka udongo ukiwa mkavu

Septemba na Oktoba ndiyo miezi yake. Adui wa kiazi cha ndago ni kukauka: kikitolewa juu na kuachwa juani siku kadhaa mfululizo, kinakufa. Jua la Dodoma ni dawa ya bure, lakini linafanya kazi kama hakuna tone la maji.

1. Acha kumwagilia sehemu hiyo wiki mbili kabla. Ikiwa ardhi imekuwa ngumu kama lami, mwagia kidogo siku moja kabla ya kuchimba, basi.
2. Anza nje ya baka, nusu mita kutoka jani la mwisho, uelekee ndani. Nyuzi za ndago zinatangulia majani.
3. Chimba hadi sentimita 30. Inua bonge zima, usilipondeponde chini.
4. Pitisha udongo kwenye chekeche. Viazi na vipande vya ukoka vinabaki juu.
5. Vianike kwenye turubai, tabaka moja jembamba, ukivigeuza kila siku kwa muda wa wiki mbili. Usiku vifunike kama kuna dalili ya mvua.

Ni kazi ya mgongo, nakubali. Kwa uwanja mkubwa usijaribu kumaliza wote; chukua baka moja linalokuudhi zaidi, karibu na mboga au mlango, ulimalize sawasawa.

Kiazi kilichokufa kimejikunja, ni chepesi, na ukikivunja ndani kimekauka na kubadilika rangi. Kikiwa bado cheupe na kigumu, endelea kuanika.

## Hatua ya 4: Kupika udongo kwa jua (si lazima)

Hii inafaa kitalu kidogo chenye mbegu nyingi za magugu, na inatumia joto la Oktoba na Novemba. Sawazisha udongo, ondoa mawe na vijiti vya kutoboa, mwagilia hadi maji yashuke sentimita 30, kisha tandika nailoni angavu ikiwa imegusa ardhi. Fukia kingo zote kwa udongo. Acha wiki nne hadi sita.

Nailoni iwe angavu. Nyeusi inajipasha yenyewe na kuuacha udongo na joto dogo, na ndago ina ncha kali inayoweza kutoboa plastiki nyepesi. Maji ni ya lazima, kwa kuwa joto linashuka chini kwa msaada wa unyevu. Matone ya maji chini ya nailoni asubuhi ni dalili kwamba imefungwa vizuri. Ukiona pamekauka, kuna tundu, na huenda mbuzi amepita.

Usitarajie imalize viazi vya ndago vilivyo chini sana, wala kila mbegu ya mbigili. Itapunguza. Baada ya kuifunua, usichimbe tena kwa kina, la sivyo utapandisha juu mbegu ambazo hazikupikwa.

## Hatua ya 5: Mvua za kwanza, acha yaote kisha parua

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Mvua ya kwanza ikinyesha, wanalima kwa kina "ili kugeuza". Mbegu zilizokuwa zimelala chini zinaletwa juu kwenye mwanga, na uwanja unaota upya.

Fanya kinyume. Mvua nzuri ya kwanza ikishanyesha, subiri kati ya siku 7 na 14 hadi uone zulia la miche yenye majani mawili hadi manne. Chagua asubuhi ya jua kali. Pitisha jembe bapa, sentimita mbili au tatu tu, ukikata shingo bila kugeuza udongo. Usimwagilie siku hiyo.

Jioni miche iwe imenyauka kabisa. Kama mvua imekuwahi mchana, kesho yake pita tena, maana mingi itakuwa imesimama.

Subiri kundi la pili liote, urudie. Baada ya mara mbili hizo, akiba ya mbegu za juu imepungua sana, na ndipo panda chako au tandaza matandazo. Ukiruka hatua zote za mwongozo huu ukabakiza moja, bakiza hii.

## Hatua ya 6: Mzunguko wa kila wiki, Desemba hadi Machi

Kinachohitajika sasa ni kuwahi. Nguvu nyingi hazina kazi. Nusu saa kila Jumamosi inazidi siku nzima ya mwezi wa tatu.

Mbigili huanza kuchanua yapata wiki tatu baada ya kuota. Ua la njano ndilo onyo lako la mwisho. Inua matawi yote uyakusanye katikati, kata mzizi chini kidogo ya shingo, uweke mche mzima kwenye kiroba. Penye miiba iliyokwisha kuanguka, buruta zulia au blanketi kuukuu ukilikanyaga kanyaga, miiba inaganda. Fagio la njiti linaisambaza tu.

Kongwe ing'olewe udongo ukiwa na unyevu ili sehemu za chini zitoke pamoja, na kila kipande kiokotwe.

Ndago iliyojitokeza baada ya kazi ya kiangazi ikatwe kila baada ya siku 10 hadi 14, bila kukosa. Chipukizi linatumia akiba ya kiazi kutoka nje, na likiachwa wiki kadhaa linaanza kutengeneza viazi vipya. Ukilikata kabla ya hapo kila mara, kiazi kinadhoofika. Majani yanayotoka Februari yakiwa membamba na mafupi kuliko ya Desemba, unashinda.

## Hatua ya 7: Wapi pa kupeleka ulichong'oa

Yasiyo na maua wala mbegu yanaweza kubaki hapohapo juani, isipokuwa kongwe, tako la hasani, ndago na ukoka. Hayo manne yakaushwe juu ya turubai au zege kwanza, hadi yavunjike mkononi.

Yenye mbegu yafungwe kwenye kiroba na kuachwa juani wiki kadhaa, au yachimbiwe shimo refu, nusu mita na zaidi. Usiyatupe kwenye korongo. Maji ya mvua yatayapeleka kwa jirani wa chini, na yeye naye ana mbuzi wanaopita kwako.

Kuchoma uwanja mzima hakusaidii: moto wa nyasi unapita juu kwa haraka, mbegu zilizofukiwa kidogo tu zinabaki salama.

## Hatua ya 8: Dawa, ukilazimika

Kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani, naona dawa ina nafasi moja ya kweli: baka kubwa la ndago au ukoka mahali usipoweza kuchimba. Dawa ya glaifoseti inashuka hadi kwenye mizizi, lakini ina masharti ambayo wengi hawayafuati.

Gugu liwe linakua vizuri, la kijani, lisilo na vumbi. Ukipulizia Septemba kwenye ndago iliyonyong'onyea kwa ukame, majani hayanywi na hela imepotea. Subiri wiki tatu au nne baada ya mvua kuanza, kabla haijachanua.

Maji yawe safi. Glaifoseti inashikwa na tope na pia na madini ya maji magumu, na maji mengi ya visima huku ni ya chumvichumvi. Kinga maji ya mvua.

Pulizia asubuhi kukiwa kumetulia. Upepo wa Dodoma mchana hauna adabu. Kusiwe na dalili ya mvua kwa angalau saa sita. Fuata kipimo cha lebo, vaa glavu, gambuti, miwani na barakoa, na watoto, kuku na mbuzi wasipite. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye lebo ya Kiswahili, na usikubali iliyopimwa kwenye chupa ya maji.

Majani yakianza kuwa ya njano baada ya wiki moja hadi mbili, imefanya kazi. Usichimbe kabla ya hapo. Kongwe mara nyingi inastahimili dawa hii, kwa hiyo usiongeze kipimo; ing'oe.

Onyo la pekee kwa Dodoma: dawa za 2,4-D zinaua majani mapana tu, haziondoi ukoka, na mzabibu unazichukia vibaya sana. Mvuke kidogo unaobebwa na upepo unakunja majani na kuharibu mazao ya shamba la jirani. Penye zabibu, mipapai au nyanya karibu, ziache dukani.

## Hatua ya 9: Funika udongo na linda geti

Uwanja unaofagiliwa ukabaki mtupu unapendeza, lakini ndio mazingira hasa yanayopendwa na mbigili na tako la hasani. Penye mapito funga changarawe au matofali. Penye mimea tandaza matandazo ya unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la mti.

Kuna mchwa. Nyasi kavu na maganda ya karanga yasikaribie ukuta. Mita moja kutoka kwenye msingi weka kokoto peke yake. Penye mbigili, matandazo mazito yanapunguza kuota na pia yanarahisisha kung'oa kile kilichopenya.

Kisha linda kinachoingia. Samadi mbichi ya mbuzi imejaa mbegu zilizopita tumboni zikiwa hai. Iloweshe, irundike, igeuze mara kadhaa, uitumie ikishachemka na kupoa. Miche ya vitalu vya barabarani ikague udongo wake, maana ndago husafiri ndani ya vifuko hivyo. Na lori la mchanga likifika, mwambie dereva asimwage bado: panda na chekeche, pitisha ndoo moja au mbili kutoka pembe tofauti. Ukikuta viazi vyeusi, mchanga huo ni wa zege tu, haukanyagi bustani.